Mkupuo wa Bi Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Kafika! Asubuhi hii, juu ya lori lenye magurudumu mengi kuliko akili yangu. Transfoma mpya ya kituo. Kubwa kuliko chumba chetu, ya kijivu, na masikio juu. Baba Pacha anasema si masikio, ni vikombe vya kupitishia nyaya. Mimi naona masikio. Imepita mbele ya dirisha langu la jikoni taratibu, kama mtu aliyevaa gauni refu na anaogopa kukanyaga pindo.

Mzee Swichi, yule wa chumba cha mitambo anayewasha na kuzima, kapaza sauti: "Mpisheni Bi Harusi!" Basi. Jina limeganda.

Ile ya zamani sasa ni Bi Mkubwa. Maskini wa watu. Miaka yote kaubeba mji peke yake, mafuta yanamtoka magotini, ananguruma mchana kutwa. Kazi imemzidi. Ndiyo maana kila jioni wanaunyima upande mmoja wa mji ili upande wa pili upike. Bi Harusi kaja kumsaidia.

Na kuja kutusaidia sisi. Baba Pacha bado yuko kwenye majaribio. Ni fundi wa ulinzi — si ulinzi wa getini, ingawa mama mkwe aliwatangazia majirani zake hivyo hivyo — ulinzi wa umeme. Kaahidiwa: Bi Harusi akiwaka na kutulia, anaandikwa kazi ya kudumu, na nyumba hii ya kituo tunakaa. Asipowaka, sijui. Yaani najua. Tunarudi chumba cha nyuma kwa mama mkwe, watu wanne kitanda kimoja, mlango wa pazia.

Hapa nina mlango wa mbao. Una kitasa. Leo nimeufunga na kuufungua bila sababu yoyote, raha tu ya kusikia "klik".

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe kafika kutusaidia kulea watoto. Kaja na mkoba mmoja wa nguo na mitatu ya ushauri.

Pacha wangu wana majina yao mazuri kwenye cheti, lakini humu ndani ni Honi na Pole. Honi ukimlaza tu, hata kama kashiba, hata kama mkavu, analia kama lori limekatika breki. Pole ni mtaratibu, analala anatabasamu. Shida ni kwamba Honi akilia, Pole naye anaamka na kulia. Hana sababu! Ukimwuliza — macho tu. Analia kwa sababu mwenzake analia.

Nimejaribu kumwambia mama mkwe: Honi ukimwacha kidogo ananyamaza mwenyewe. Anapiga ile kelele ya kwanza, inashuka, inashuka, kimya. Nimeshamsoma. Lakini bibi yake! Mtoto hajafungua mdomo sawasawa, keshanyakuliwa.

"Mama, muache kidogo tu."
"Nimuache? Wewe mwanangu una moyo wa jiwe? Mimi nimelea sita!"
"Najua mama."
"Sita!"

Baba Pacha kashindwa kula kwa kucheka. Kasema mama yake ni rilei iliyofungwa vibaya. Nikamwuliza rilei ndiyo nini. Kumbe ndiyo kazi yake yote hiyo. Ni kisanduku kinachosikiliza umeme unaoingia na kutoka kwenye transfoma. Kikisikia kuna hitilafu ndani, kinakata, haraka kuliko kupepesa jicho. Kisipokata, transfoma inaungua.

"Na wewe baba yao ni rilei gani?" nimemwuliza. "Maana watoto wakilia wewe unakoroma."

Kajifanya anatafuna. Mama mkwe kacheka mpaka kaomba maji.

Alhamisi, 6 Machi

Pole kachemka mwili. Ghafla! Mchana alikuwa anacheza na kijiko. Nimempigia baba yake, hakupokea. Nimempigia tena. Tena. Kaja anakimbia na kofia ngumu kichwani, glavu moja mkononi, nyingine sijui kaiacha wapi.

Zahanati. Foleni. Muuguzi kamwangalia — sikio tu. Matone, asubuhi na jioni. Nimelia mimi kuliko mtoto.

Baba Pacha katufikisha mlangoni na kurudi uwanjani mbio. Anasema kabakisha kipimo kimoja kwa Bi Harusi, na mafundi wa kreni wanamsubiri wafunge vifaa.

Pole kalala. Kichwa kimepoa. Asante Mungu.

Ijumaa, 7 Machi

Pole mzima, kama si yeye.

Leo Injinia, mkubwa wa kituo, kaweka sahihi kwamba vipimo vyote vimepita. Nimemwona kwa karibu kwa mara ya kwanza. Mwanamke! Mdogo wa umbo, kofia ya njano, buti za chuma, sauti ya chini kabisa. Lakini akisema "hapana", wanaume wazima wanaweka vyombo chini.

Kaniona naanika nepi kwenye uzio wa kituo. Hakusema neno. Mzee Swichi ndiye kasema kwa niaba yake: "Mama Pacha! Nepi ikipeperuka ikanasa kwenye nyaya, mji mzima utalala giza, na mimi nitaandika kwenye ripoti chanzo ni nini. Na rangi yake nitaandika!"

Nimeanua zote. Nimeona aibu hadi kwenye vidole.

Jumapili, 9 Machi

Siku yenyewe! Wamechagua Jumapili kwa sababu viwanda vimelala. Nimewavisha watoto soksi zinazofanana. Tumekaa dirishani kama tunangoja gwaride.

Mzee Swichi kahesabu kwa sauti. Kukawa na mlio — mmmMMMM! — nikausikia kwenye meno. Taa ya jikoni ikainama, yaani ikafifia, mpaka njano. Halafu TA! Kama mlango wa chuma umepigwa teke. Kimya.

Bi Harusi kazimika. Hakumaliza hata pumzi moja.

Wameangaliana. Injinia kavua kofia, kaivaa tena. Baba Pacha kasimama na mikono nyuma kama mwanafunzi.

Mama mkwe: "Limeharibika?"
Nikamwambia sijui.
"Jipya hivi?"
"Mama, sijui."

Jumatatu, 10 Machi

Nimemkalisha Baba Pacha na kikombe cha chai, nikamwambia leo nifafanulie, na usinipe maneno ya chuoni, mimi niliishia darasa la saba na siku nyingi nilikuwa dirishani.

Kasema hivi. Transfoma ukiiwasha, kabla haijapeleka umeme popote, chuma chake cha ndani lazima kwanza kijae nguvu ya sumaku. Kwa hiyo ile sekunde ya kwanza inavuta umeme mwingi mno, mara kadhaa ya kile inachovuta siku zote. Yeye anauita mkupuo. Kama mtu aliyetoka juani akapewa maji: glasi ya kwanza anaipiga kwa mkupuo mmoja, ya pili anakunywa kistaarabu. Si ugonjwa. Ni kuanza tu. Unashuka wenyewe.

"Sasa rilei kwa nini inakata?"
"Kwa sababu umeme mwingi ndiyo dalili ya hitilafu pia. Rilei inaona mwingi, inashtuka."
"Kama mama yako na Honi."
"Sema taratibu, yuko chumbani."

Lakini kasema rilei ya siku hizi ina masikio. Mkupuo una mtetemo wake: wimbi lake limeegemea upande mmoja na lina kamlio kengine ndani kanachocheza mara mbili kwa kila wimbi. Hitilafu ya kweli haina hako kamlio. Rilei ikikasikia, inajizuia kukata. Mimi nilielewa kabla hajamaliza! Kilio cha Honi cha kulazwa na kilio cha kuumia si kimoja. Hata nikiwa nafua najua. Kile cha kuumia kimenyooka, kinaniingia tumboni. Kile cha kulazwa kina kakona, kana madoido.

"Basi hiyo rilei haikusikia kamlio?"
"Kalikuwa hafifu. Hizi transfoma mpya chuma chake ni kizuri mno, kamlio kake ni kadogo."
"Izibeni masikio tu, iache kukata."

Kaniangalia kama nimesema tumtupe mtoto nje. Kasema rilei kiziwi ni mbaya kuliko rilei yenye kiherehere. Siku hitilafu ikija kweli, itakaa tu inatazama Bi Harusi akiungua, na yeyote aliye karibu. Injinia ataishushia kiwango cha kamlio kidogo, kidogo sana, iweze kusikia mnong'ono. Jumatano wanajaribu tena.

Nimefurahi siku nzima. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nimeelewa.

Jumatano, 12 Machi

Balaa!

Nilikuwa nimewalaza wote wawili. Mmm — taa ikainama. Safari hii Bi Harusi hakukatwa pale pale. Kanguruma, kanguruma, nikashika moyo, nikasema anakaa, anakaa! Halafu Bi Mkubwa — Bi Mkubwa, ambaye hakuna aliyemgusa, aliyekuwa amesimama pale pembeni na kazi zake — naye akaanza kunguruma vibaya. TA! Akazimika. Na Bi Harusi akamfuata. Mji mzima kimya. Friji kimya. Feni kimya. Redio ya mama mkwe ilikuwa katikati ya matangazo ya vifo, hatukujua nani kafa.

Mzee Swichi katoka nje, mikono kiunoni: "Bi Mkubwa kasusa! Kaona mwenzie kaja na makeke, kasusa!"

Msusi wa nyuma ya uzio alikuwa na mteja chini ya mashine ya kukausha nywele. Kaja getini na huyo mteja, nusu kichwa kikavu nusu kinachuruzika. "Nani ananilipia aibu hii?" Injinia kamwomba radhi mwenyewe, kwa ile sauti ya chini. Msusi kapoa. Mteja hakupoa.

Baba Pacha kanieleza huku anakunywa maji. Mkupuo wa mmoja unauvuruga umeme wa jirani yake aliye kwenye nyaya zile zile, naye anaanza kuvuta mkupuo wake bila sababu yake mwenyewe.

"Honi na Pole," nikasema.
"Honi na Pole," kasema. Lakini hakucheka.

Jumla ya mambo: Injinia ameagiza mafuta ya Bi Harusi yapimwe. Kama sababu haijulikani mpaka Jumamosi, Bi Harusi anapakiwa, anarudishwa kwa waliomtengeneza. Miezi.

Alhamisi, 13 Machi

Mafuta safi. Hayana dalili ya kuungua wala nini. Nilidhani Baba Pacha atafurahi. Kaja, kakaa jikoni, hakuvua buti.

Honi alikuwa kwenye bembea ya shuka tuliyoifunga kwenye boriti. Nilikuwa namsukuma kwa mguu huku nakuna karoti. Baba Pacha kamtazama muda mrefu. Halafu kasema, "Ni mimi."

Nikasema wewe nini.

Kasimama. Kaishika bembea, kaivuta upande wa kulia na kaiacha hapo, kaikamata isirudi. Honi kaning'inia upande upande, macho yamemtoka, hata kulia kasahau.

"Nimemwacha hivi," kasema.

Kumbe ile Alhamisi. Kipimo alichokuwa amebakisha ni kile cha kupitisha umeme wa betri kwenye nyaya za ndani. Ukimaliza hicho, chuma kinabaki na sumaku, kimelalia upande mmoja. Lazima umrudishe katikati: unasukuma kidogo upande huu, halafu kidogo zaidi upande ule, unapunguza, unapunguza, mpaka anatulia. Ndiyo utaratibu. Hata cha kwanza wanachofundishwa ndicho hicho, kasema. Yeye alitoka zahanati, watu wanamsubiri, akapima, akaandika namba, akafungua nyaya. Akamwacha Bi Harusi kaning'inia upande. Sasa kila wakimwasha, umeme ukiingia kuelekea upande ule ule alioegemea, unamsukuma mtu ambaye tayari yuko mwisho. Ndiyo mkupuo ukawa mkubwa vile, mpaka jirani yake akaanguka.

Kailegeza bembea pole pole. Kushoto, kulia, ndogo, ndogo zaidi. Honi kalala pale pale.

"Tangu lini umejua?"
"Tangu jana. Usiku sikulala."
"Injinia?"
Katikisa kichwa. Hapana.

Karoti zote nimekuna. Hata ile ya kesho.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika ukweli kwa sababu hapa hasomi mtu.

Asubuhi nilimwambia asiseme. Nilisema, "Si uende tu ukamrudishe katikati kimya kimya, nani atajua?" Kasema hakuna anayemgusa Bi Harusi bila kibali cha Injinia na kufuli tatu. Nikasema basi nyamaza, wamrudishe kiwandani, watamkuta mzima, watasema ni bahati mbaya. Kasema, "Na mji?" Nikasema mji ulikuwepo kabla yetu.

Nimesema hivyo. Mimi. Kwa sababu ya kitasa.

Halafu mchana wakakata upande wetu wa mji kwa sababu Bi Mkubwa kazidiwa. Nilikuwa nimepita kwa msusi kuomba radhi kwa niaba ya — sijui kwa niaba ya nani. Kakaa mlangoni, mikono mapajani, mashine zake zote zimefunikwa taulo. Kaniambia, "Shoga, waambie wako huko ndani: mimi sina hasira, mimi nataka kujua tu. Likikaa likae, lisipokaa waseme."

Nimerudi nimemwambia Baba Pacha: sema. Kesho. Nikibadilisha mawazo usinisikilize, ziba masikio.

Kasema, "Na nyumba?"
Nikasema, nimewahi kulala nyuma ya pazia. Sitakufa.
Nimesema hivyo, halafu nimeenda bafuni nimefungua maji.

Jumamosi, 15 Machi

Nilijua atamfuata ofisini. Kumbe ofisi imekuja kwetu!

Hodi. Nafungua — Injinia. Bila kofia. Nywele zake kazibana na kalamu. Anamtafuta Baba Pacha, na Baba Pacha kaenda dukani kununua sabuni. Mimi nina Pole kiunoni, Honi sakafuni anaguguna kiatu.

"Karibu, dada. Yaani Injinia. Karibu."
"Ahsante, Mama Pacha. Nitamsubiri hapa hapa."
"Hapana, ingia, ingia ukae. Mama! Mgeni!"

Mama mkwe kaja anafuta mikono. Kamtazama buti, kamtazama juu. "Wewe ndiye mkubwa wa huku?"
"Ndiyo, mama."
"Unakula lakini?"
"Nakula, mama."
"Haionekani."

Nilitamani sakafu ifunguke. Injinia kacheka! Kamnyanyua Honi, kamkalisha pajani kama faili, yaani wima, bila kumkumbatia. Honi kamshika ile kalamu, nywele zikaanguka zote. Na mimi neno liko hapa, kwenye ulimi. Nikasema tu, "Chai?" Akasema ndiyo.

Baba Pacha kaingia na sabuni mkononi. Alipomwona, hakusalimia hata. Kasema pale pale mlangoni, kwa mkupuo mmoja: "Injinia, sikuondoa sumaku baada ya kipimo cha mwisho. Nilisahau. Ni mimi."

Honi kaiangusha ile kalamu.

"Ulikatizwa na nini?" kauliza Injinia.
"Kulikuwa na dharura."
"Dharura gani? Kwenye ripoti hakuna dharura."

Kaibinya ile sabuni. Nikajua hatasema. Ataibeba mwenyewe mpaka chumba cha pazia. Basi nikasema mimi: "Mimi ndiye niliyempigia. Nilipiga, nikapiga. Huyu hapa alikuwa anawaka homa." Nikamwinua Pole, ushahidi. Na Pole — mtoto huyu! — kamwangalia Injinia kaachia tabasamu la ufizi mtupu, mashavu haya, mzima kuliko sisi wote.

Injinia kamtazama. "Kwa hiyo ni huyu aliyeuzimisha mji."

Mama mkwe kaguna: "Mjukuu wangu hana kosa!"

"Hana, mama." Kamrudisha Honi sakafuni, kabana nywele upya. Kasema kwa ile sauti yake, "Niliweka sahihi bila kuuliza hatua ile kama imefanyika. Jumatano nilianza kuwa na wasiwasi, nikapitia karatasi nikaona namba tu. Nilikuwa nakuja kukuuliza." Halafu: "Buti zako ziko wapi? Tunakwenda kumrudisha katikati sasa hivi. Kesho asubuhi tunawasha, mara ya mwisho."

Baba Pacha kauliza, na habari ya... ya majaribio yake.

"Hiyo tutaongea Bi Harusi akishakaa," kasema Injinia. Kamaliza chai yake kasimama.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na wote tunajua "hapana" yake inavyosikika.

Kutwa nzima nimewaona dirishani, wawili wamechuchumaa kwenye kokoto na kale kamashine, betri inaguswa huku, inaguswa kule. Kadogo, kadogo zaidi. Mama mkwe kauliza wanafanya nini. Nikamwambia wanambembeleza.

Kasema, "Chuma?"
"Chuma, mama."
Katazama, katazama. "Basi yule msichana anajua kubembeleza chuma kuliko mtoto."

Jumapili, 16 Machi

Naandika huku wanajiandaa. Nimekaa kitandani, mlango wazi, naona jikoni na dirisha.

Watu wamejaa uzioni. Msusi kaja, kaleta na wateja wake, wote wamekauka tayari, hawataki tena mchezo. Mzee Swichi kachana nywele. Bi Mkubwa naye kaongezewa subira: rilei yake imepangwa isikurupuke, ingoje kidogo kabla ya kukata. Baba Pacha kasema kidogo tu. Ikizidi ni hatari.

Hakula. Kamshika Honi mguu, kamshika Pole mguu, katoka. Pale mlangoni kakigusa kitasa. Nimemwona.

Na sisi humu ndani tuna jaribio letu. Nimemwambia mama mkwe: leo nawalaza wote wawili sasa hivi, Honi atalia, na hakuna anayenyanyuka. Kasema, "Je akiumia?" Nikamwambia, mama, kilio cha kuumia nakijua, nitakuwa wa kwanza kuruka. Hiki si chenyewe. Hiki ni cha kuanza tu. Kafikiri. Kasema nimpe kitu cha kushika, maana mikono yake haina adabu. Sikuwa na kitu. Kaikalia.

Kaikalia kweli! Yuko pale kwenye kiti, mikono yote miwili chini ya mapaja, kakunja midomo.

Mzee Swichi anahesabu.

Nimemlaza Pole. Katabasamu. Nimemlaza Honi.

Mmmm — taa imeinama! Honi kafungua mdomo, haya, hiyo hapo, ile ya lori — dirisha linatetemeka, sijui ni yeye au ni Bi Harusi — taa ya njano, bado ya njano — mama mkwe kanyanyua goti moja — "Mama!" — kakaa. Nasikiliza. Kile kilio kina kakona. Kana madoido. Hakijanyooka. Sinyanyuki.

Hakuna TA.

Taa imeanza kuinuka. Kidogo. Au macho yangu? Hapana, inainuka, nauona ukuta. Honi kashusha, anashusha, sasa ananung'unika. Huko nje hakuna anayepiga makofi, wote wanamtazama Bi Mkubwa. Kaanza kule kunguruma kwake. Nakusikia. Baba Pacha kasimama na mikono nyuma.

Mama mkwe ananong'ona, hapumui: "Mwanangu. Mwangalie Pole."

Kafungua jicho moja.